Risala ya Wanafunzi na Wazazi Wanaozungumza Kiswahili kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Kurudi Nyumbani, Fort Worth, Texas

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha jioni hii ya Alhamisi katika bwalo la shule, tukiwa na mikasi, gundi ya moto na roli za utepe mezani. Mwalimu Mkuu alipoambiwa tutasoma risala aliuliza ni kitu gani. Tukamweleza kwamba wenyeji humsomea mgeni, wanaanza na shukrani na wanamalizia na maombi. Akacheka, akasema kumbe ni bajeti. Wewe dada yetu huhitaji maelezo. Ulisoma kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kama wengi wetu, na kule mahafali bila risala hayajakuwa mahafali.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tulipoisikia mara ya kwanza homukamingi ikitafsiriwa "kurudi nyumbani", mama mmoja kati yetu aliuliza: nyumbani wapi, Uvira kule Kongo au Kasulu kule Tanzania? Ilibidi tuulizie. Tukaambiwa desturi hii ilianzia vyuoni. Chuo Kikuu cha Missouri hujivunia mwaka 1911, pale msimamizi wao wa michezo, Chester Brewer, alipowaita wahitimu warudi Columbia kutazama mechi na Kansas. Mechi ikaisha sare ya 3-3. Ukilisema hilo hapa Texas utasahihishwa upesi, maana Baylor, chuo kikuu cha kule Waco, waliwaita wahitimu wao mwaka 1909. Ugomvi huo tumewaachia wenyewe. Sisi tulichoshika ni kwamba sherehe yote hii hufanywa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuondoka. Kila mwaka tumeona wahitimu wa wenzetu wakirudi, wengine na watoto, wengine na vitambi. Wa kwetu hakuwahi kurudi hata mmoja, mpaka ulipokubali mwaliko huu.

Wiki yenyewe imekwenda hivi. Jumatatu ilikuwa siku ya kuja shule na nguo za kulalia. Tangazo lilifika kwenye simu za wazazi Jumapili saa tatu usiku, kwa Kiingereza. Mama mmoja alipotafsiriwa na mwanawe alijua anadanganywa. Akampigia pasi shati, akampeleka mwenyewe mpaka mlangoni, na mlangoni wakapokewa na mwalimu wa hesabu, mtu mzima, amevaa pajama zenye picha za bata. Mama alirudi kwenye gari bila kusema neno. Kijana alishinda siku nzima peke yake na shati lililonyooka.

Jumatano, siku ya mapacha, yaani marafiki kuvaa sawasawa, hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Sare tunazijua tangu harusini. Wasichana wetu wanne waligawana pisi moja ya kitenge, na mchana wenzao wa Kimarekani walikuwa wakiulizia fundi.

Kilichotusumbua zaidi ni mamu. Jina limekatwa kutoka krisanthemamu, ingawa wazazi wengi waliamini ni ua la kina mama. Zamani lilikuwa ua halisi, kijana anampa msichana alibandike kifuani siku ya mechi. Hapa Texas limekua mpaka limekuwa ngao: ua la kitambaa, dubu mdogo katikati, kengele, na tepe za rangi za shule zinazoshuka hadi vifundoni. Mengine huvaliwa shingoni kwa mkanda kwa sababu ya uzito. Wa mwaka wa mwisho huweka tepe nyeupe na za rangi ya fedha. Wavulana nao hufunga dogo mkononi. Ijumaa asubuhi korido zote zinalia kengele, na asiyelia anajulikana. Dukani bei hupita dola mia bila shida. Ndiyo maana tuko hapa na mikasi: kina mama waliozoea kusuka ukili wameuangalia msuko wa tepe hizi mara moja tu, na sasa wanawafundisha majirani.

Kesho usiku ni mechi, ule mpira wa miguu wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono. Tunaye kijana wetu mmoja kikosini. Soka alijifunzia kambini, peku, na kocha alipoona anavyopiga akampa kazi ya kupiga teke. Anaingia, anapiga, anatoka. Mpira ukipita kati ya milingoti, pointi tatu. (Ile 3-3 ya mwaka 1911 ilikuwa mateke mawili, moja kila upande. Anaipenda sana habari hiyo.)

Wenzake wawili hawatacheza. Tangu mwaka 1984 sheria ya Texas inasema anayefeli somo hachezi mechi, na siku hizi adhabu ni angalau wiki tatu. Hatuilaumu sheria. Vijana hao hesabu wanaiweza; wanaanguka kwenye maswali marefu ya Kiingereza.

Kuhusu dansi ya Jumamosi, wazazi wamekubali, kwa sharti la saa nne na nusu wawe wamerudi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tumefika kwenye bajeti. Kwanza, utusaidie kuuomba uongozi wa shule utume ratiba ya wiki hii kwa Kiswahili, wiki mbili kabla. Pili, tunaomba mtu wa kukaa na vijana wetu saa moja baada ya masomo, siku mbili kwa wiki, kwa ajili ya Kiingereza cha maswali. Tatu, mfuko wa utepe una dola 41, na wasichana ambao bado hawajapata ua ni tisa. Hapo hatuna la kuongeza.

Ua lako wewe liko meza ya mwisho, karibu na dirisha. Dubu na kengele vimekwisha kufungwa. Umebaki utepe wa jina, na kina mama wamegoma kuuandika mpaka useme mwenyewe: waandike lile lililoko kwenye cheti chako cha shule hii, au lile ulilokuwa ukiitwa Nyarugusu.

Tunaomba kuwasilisha.