Malalamiko kuhusu kitalu nyumba cha "trei 60"

Moshono,
Arusha.
12 Julai

Meneja wa Mauzo,
Tawi la Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KITALU NYUMBA CHA MITA 3 KWA 2 KILICHOUZWA KWA MAELEZO YA KUBEBA TREI 60

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Mwanzoni mwa Mei nilinunua kwenu kitalu nyumba kidogo kwa shilingi 1,850,000 pamoja na gharama ya kufungiwa. Naandika kwa sababu miche yangu imefia humo, na kwenye simu tumezungushana vya kutosha: kila nikipiga napokewa na mtu mpya, na kila mtu mpya ananiuliza namwagilia mara ngapi kwa siku.

Nianze na jibu mlilonipa, maana ndilo lililonikera kuliko hasara yenyewe. Kijana wenu wa huduma kwa wateja alipoona picha za miche iliyolala aliniambia, "Mama, hapo umejaza kupita kiasi, hewa haipiti." Kuhusu hewa alisema kweli. Lakini siku hiyo ndani ya banda kulikuwa na trei 48. Kipeperushi chenu kinasema trei 60, na chini yake mmeandika kwa herufi kubwa "MICHE 7,680 KWA MKUPUO". Nikiwa na upungufu wa trei 12, nimejazaje kupita kiasi? Mnamuuzia mtu msongamano, halafu ukimletea madhara mnamgeukia yeye.

Hiyo 7,680 nimeipima kwa futi kamba. Trei ya matundu 128 niliyo nayo ina upana wa sentimita 28 hivi na urefu wa 54. Shelfu ina urefu wa mita 3, kwa hiyo trei 10 zinaenea zikiwa zimebanana. Shelfu ni tatu kila upande, jumla trei 60, na 60 mara 128 ni hiyohiyo 7,680. Hesabu imekaa sawa kabisa, ila ni hesabu ya mbegu. Mbegu ukishaisia haidai nafasi. Inataka joto na unyevu tu, na wazoefu wengi hupanga trei juu ya trei kwa siku za mwanzo mpaka ianze kuchomoza. Kazi inaanza ikishatoa majani, kwa sababu hapo kila mche unataka mwanga wake na hewa yake, na kipeperushi kimenyamaza.

Kati ya shelfu na shelfu mmeacha sentimita 40. Ya juu ndiyo yenye mwanga wa kueleweka. Ya kati inapata wa pembeni. Ya chini inafaa kuwekea ndoo na pampu ya kupulizia. Nyanya nilizoziweka huko zilirefuka shingo ndani ya wiki moja, nyembamba, zimeinamia njia ya kupita kutafuta mwanga, na mche wa namna hiyo ukiupeleka shambani unakatika kwa upepo wa kwanza. Na hapo sijagusa hoho. Wateja wangu ni watu wa bustani za nyumbani, Njiro na Kijenge, wanaotaka miche kumi au ishirini iliyokwisha kuhamishiwa kwenye kikombe. Vikombe vya sentimita 8 vinaenea kama 250 kwa shelfu. Ukichukua zile mbili za juu tu, una miche 500. Kutoka 7,680 mpaka 500, Ndugu Meneja! Anayepanda kabichi moja kwa moja kutoka kwenye trei atapata afueni, lakini naye shelfu za chini hazimsaidii.

Sasa kuhusu ukuta wa nyuma. Banda lenu lina upande mmoja wa plastiki nyeupe isiyopitisha mwanga, ambao kitabu cha maelekezo kinasema unatunza joto. Kinasema pia upande wa nailoni uelekezwe kusini. Nilimwambia fundi wenu mapema kwamba hapa kwetu mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini. Akanionyesha mchoro, akasema akifunga tofauti na mchoro waranti inakufa. Basi akafunga hivyo, mgongo wa banda kaskazini.

Kitabu hicho kimeandikwa kwa ajili ya nchi yenye majira ya baridi kali, na huko kina haki yake. Kinaeleza kusia mbegu Februari na Machi, kufunga madirisha usiku na mchana, kisha kutoa miche nje kidogo kidogo Mei baridi ya kuua mimea ikishapita. Mtu wa Uingereza anabananisha trei zake zote ndani kwa sababu hana pengine pa kuzipeleka. Tena kwake jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Arusha iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba, jua la saa sita liko kaskazini mwetu. Kwa hiyo katika miezi ambayo mche unahitaji joto kuliko wakati wowote, Juni na Julai, siku ambazo Mlima Meru hauonekani mpaka saa tano, banda langu limelipa jua mgongo. Na mteja wenu wa hapa akifuata maelekezo ya Februari neno kwa neno, akafunga kila kitu kwa jua letu la Februari, miche ataipika.

Linalobaki ni paa, na hapa ndipo miche ilipofia. Mmeweka dirisha moja dogo juu ya mlango na basi. Joto na mvuke vinapanda, havina pa kutokea, usiku vinapoa na kugeuka matone kwenye nailoni. Asubuhi matone yanashuka kwa mstari, sawasawa na lilipo bomba la katikati, juu ya trei zilezile kila siku. Nailoni iliuzwa kama isiyodondosha maji. Baada ya hapo kilichofuata kilikuwa kinyausi, ugonjwa ambao mkulima yeyote wa kitaluni anaufahamu. Ukishika mche unaona majani bado ya kijani, hayana doa, lakini pale shina linapotokea kwenye udongo pamekuwa kahawia, pamelowa, pamenywea kama uzi. Kesho yake umelala. Keshokutwa wamelala majirani zake, kwa duara linalotanuka. Vimelea vyake vinapenda hayo niliyoyataja: unyevu usiokauka, ubaridi unaodumaza mche, na miche iliyogandana. Dawa ya ukungu nilinunua na nikapiga. Dawa haiondoi matone.

Mliniambia huenda mbegu ni mbovu, au pitimosi, ile mboji ya kuoteshea mbegu, haikuwa safi. Pakiti hiyohiyo ya hoho chotara niligawana na wifi yangu wa Tengeru, pamoja na pitimosi ya mfuko uleule. Yeye hana banda la kisasa. Ana kichanja cha miti, neti ya kuzuia inzi weupe, na nailoni anayoifunua jua likitoka. Miche yake imesimama, na ameshaanza kuiuza, baadhi kwa wateja wangu. (Wifi amefurahi sana na ununuzi wangu kwenu.)

Ninachoomba si kikubwa. Mje mgeuze banda, au mbadilishe ule ukuta mweupe muweke nailoni inayopitisha mwanga, kwa gharama yenu. Mtoboe paa na kuweka madirisha mawili ya juu yenye neti, yanayofunguka na kufungika. Mnirudishie shilingi 214,000 za mbegu na pitimosi ya trei zilizokufa, risiti nimeziambatanisha. Na kipeperushi mkirekebishe kabla hamjamuuzia mwingine: mseme trei 60 ni za siku za kuotesha tu, mtaje idadi ya miche inayoweza kukulia humo mpaka kupandikizwa, na mmweleze mnunuzi kwamba Arusha mjini hatuna baridi ya kugandisha, kwa hiyo miche iliyoanza kukomaa anaweza kuitoa chini ya neti nje ili kupunguza msongamano. Ushauri huo ni bure na ungeniokolea nusu ya trei.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya nitapeleka jalada hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na idadi ya miche kwenye kipeperushi ndiyo iliyonifanya niache mabanda mengine ya bei nafuu. Tafadhali msinirudishe tena kwenye namba ya huduma kwa wateja.

Mkituma fundi, aje asubuhi kabla ya saa tatu, nailoni ikiwa bado inadondosha. Akija mchana atakuta pamekauka na ataandika kwamba hakuna tatizo, kama alivyoandika yule wa kwanza.

Viambatanisho: nakala ya risiti zote, kipeperushi, ukurasa wa mchoro kwenye kitabu cha maelekezo, na picha.

Wenu,
Mteja wa Moshono
(jina na saini vipo kwenye nakala ya risiti)