Nimetembezwa Kariakoo

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Hapa nyumbani wote wazima, mama yako anasumbuliwa na joto tu.

Jumamosi nimefanya jambo, najua utacheka. Nimelipa hela ili nitembezwe Kariakoo. Mimi, mzaliwa wa Mtaa wa Narung'ombe! Kijana anayetuongoza ni rika lako, na la kwanza kuniuliza ni kama nimewahi kufika huku.

Lakini anajua kazi yake. Tulianzia Mnazi Mmoja. Kumbe uwanja ule wakoloni waliuacha wazi ili sisi tukae mbali na Uhindini na Uzunguni. Nimechezea mpira pale utoto wangu wote, sijawahi kujiuliza. Mtaa wa Lumumba tukaoneshwa ilipozaliwa TANU, 7 Julai 1954. Sokoni tukatazama miavuli ya zege ya msanifu majengo Beda Amuli inayokinga maji ya mvua. Soko lile lilifunguliwa 1975, na 2021 likaungua.

Asili ya jina Kariakoo niliijua, Carrier Corps, ila niliijua kama jibu la mtihani. Wale ni wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa maelfu kwa maradhi na njaa. Anayasema hayo, na nyuma yake makuli wa Mtaa wa Kongo wanapita na matoroli, wanapiga kelele tuwapishe. Tukawapisha.

Nilivumilia hadi alipofika kwenye nyumba za Kiswahili. Vyumba sita, korido katikati, uani jiko na choo: sawa. Baraza akasema ni "sehemu ya kupumzikia". Hapo nikashindwa. Nikamwambia, baba, baraza lina zamu. Alfajiri ni la bibi wa vitumbua, alasiri la wazee na bao lao, usiku wanakaa akina mama kuteta, na mtoto ukipita bila kusema shikamoo habari inafika nyumbani kabla yako. Akatoa daftari, akaandika.

Nyumba ya bibi yako sasa ni ghorofa. Nilikadiria kwa hatua kutoka kwenye kona, nikasimama palipokuwa na baraza lake. Ni duka la viatu. Muuzaji akanichangamkia: "Karibu mzee, unavaa namba ngapi?"

Nikamtajia namba yako. Ndala zinakuja na basi la Alhamisi.

Baba yako