Fuvu kwenye jirikeni si pambo

Mhariri,

Juzi hapa sokoni Ahero niliona mafuta ya taa yakiuzwa kwa jirikeni iliyokuwa ya dawa ya kupulizia mpunga. Fuvu na mifupa miwili bado vilikuwa kwenye lebo. Nilipomwonyesha mama muuzaji, alicheka: "Hiyo ni picha tu, mwanangu."

Simlaumu sana. Hata wataalamu walikiri kwamba ile alama ya mionzi yenye mapanga matatu kama ya feni, iliyobuniwa California mwaka 1946, haimwambii kitu asiyeijua. Mwaka 2007 wakaiongezea mwenzake: pembetatu nyekundu yenye mawimbi, fuvu na mtu anayetimua mbio. Ilijaribiwa kwanza kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwamo. Mtu anayekimbia hahitaji mkalimani!

Lakini lori la mafuta likipinduka, kibao chake cha rangi ya machungwa chenye nambari 1203, yaani petroli, nani anakisoma? Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliangamia moto ulipowaka watu wakichota petroli ya lori lililopinduka. Sidhani kibao kingewazuia; petroli hujulikana kwa harufu. Ambalo kibao hakisemi ni kwamba mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kushika moto mbali na lori lenyewe.

Machifu wetu wangetenga dakika kumi za baraza kueleza haya, na wenye maduka ya dawa za kilimo wamsomee mteja lebo kabla ya kupokea pesa.

Msomaji,
Ahero, Kisumu