Mark X: cc 2500 au 3000?

Ndugu Mhariri,

Wanunuzi wa gari la Toyota Mark X ya 2004 hadi 2009 huuliza kama injini ya cc 2500 inatosha Mbeya. Ina nguvu za farasi 215. Ya 3000 ina 256. Ila Mbeya, kwenye mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 17 ya nguvu, kwa hiyo 215 hubaki kama 178. Kwa mizunguko ya mjini, yatosha. Ukipanda mlima Kitonga na abiria wanne na viazi kwenye buti (tunawaona!), chukua 3000.

Zote mbili hupuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, masizi huganda, gari likisimama huku linawaka, injini inatetemeka. Pia, kabla ya kulipa, pima kiwango cha oili injini ikiwa baridi.

Mafundi magari,
Mwanjelwa, Mbeya