Ufunguo wa Mama Mapacha: Salamu za Krismasi kutoka Nakuru

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Bwana asifiwe tena.

Nawasalimu kutoka Nakuru, ninyi mlioko Kaptembwo na Ponda Mali, Free Area, Lanet na Bahati, pamoja nanyi mliokwisha kufunga mizigo kwenda Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia kula sikukuu na wazee. Wiki hii stejini hapatoshi. Viazi vya Molo vinapakiwa juu ya magari kuelekea magharibi, na baada ya mwaka mpya tutawangoja mrudi na omena, ndizi na kuku wa kienyeji. Nawasalimu pia mtakaobaki mjini kwa sababu nauli imepanda kama kila Desemba na karo ya Januari haijapatikana. Najua mko wengi, na najua wengine mmewaambia watoto kwamba mnabaki kwa ajili ya kazi. Sikukuu ni yenu pia.

Nimeombwa niandike salamu za ushirika wetu mwaka huu, nami nimeamua kuwasimulia habari za ufunguo mmoja. Watu wazima kati yenu mnaujua. Vijana wetu, ambao mwaka 2008 walikuwa wakibebwa mgongoni au hawajazaliwa, hawaujui, na hao ndio watakaopiga kura Agosti 2027, wengi wao kwa mara ya kwanza.

Krismasi ya mwaka 2007 iliangukia Jumanne. Kwaya yetu ilikuwa na Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakalenjin na Wakisii, na sauti ya nne ilishikwa na mzee mmoja wa Kimaragoli ambaye akishuka chini mabati yalikuwa yakitetemeka. Tuliimba vizuri mno siku ile. Jambo hilo nimelifikiria sana baadaye, kwamba tuliimba vizuri namna ile na bado hatukuwa tayari. Alhamisi tarehe 27 tukapanga foleni ya kura. Jumapili tarehe 30 matokeo yakatangazwa. Jumanne iliyofuata, siku ya mwaka mpya, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa moto watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia humo wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haitaguswa. Mwishoni mwa Januari machafuko hayo ya kikabila yakafika kwetu Nakuru. Nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Uwanja wa maonyesho, tuliouzoea kwa ng'ombe wa maziwa na matrekta mapya, ukajaa turubai na watoto wanaolala chini.

Jirani yetu tulimwita Mama Mapacha. Kwao ni upande wa Nyando karibu na Kisumu, si wa kabila letu, mumewe alikuwa fundi wa magari, na kila Jumapili alikaa benchi moja na mama yangu, la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha. Jioni moja alipenya kwenye ua wa michongoma nyuma ya nyumba yetu akiwa na mapacha wake na mfuko mmoja wa nguo. Pacha mmoja alikuwa amevaa viatu vya shule kinyume, cha kulia mguu wa kushoto. Mama Mapacha hakulia. Alichana ukingo wa leso yake, akaufungia ufunguo wa kufuli, akamwekea mama mkononi. "Dada, nishikie huu. Mungu akipenda nitaurudia." Usiku huo walilala kwetu sakafuni bila taa kuwashwa, na asubuhi lori lililosindikizwa na polisi likawachukua pamoja na wengine kwenda Kisumu.

Mama aliutia ule ufunguo kwenye mkebe wake wa vifungo vya nguo. Siku ya tatu vijana wakaja. Baadhi yao tuliwajua kwa sura, na mmoja alikuwa amefundishwa na mama shule ya Jumapili. Wakauliza ile nyumba ya mlango wa buluu ni ya nani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nikauona mkono wake ukipapasa rafu kuutafuta mkebe bila yeye kugeuka. Akautoa ufunguo, akauinua, kile kipande cha leso kikining'inia. "Ni ya dada yangu. Ufunguo huu hapa." Walimtazama kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Kisha yule wa shule ya Jumapili akainama, akawaambia wenzake, "Twendeni."

Niliwahi kumwuliza mama kama ule haukuwa uongo. Alinishangaa. "Uongo gani? Tumekula meza moja ya Bwana miaka tisa." Na kila Jumamosi tangu Februari hadi Agosti alikwenda kufagia uwanja wa nyumba ile na kufungua madirisha, ili wapita njia waone kwamba ina mwenyewe.

Sisemi haya ili tujisifu, maana kanisa letu lilikosa. Jumapili mbili kabla ya kura, mimbarani paliombewa upande mmoja, na wale wa upande mwingine wakainamisha vichwa na kuitikia amina kwa sababu ya adabu tu. Kosa hilo mimi naliona kubwa kuliko tulivyokubali wakati ule. Mtu akishaambiwa madhabahuni kwamba Mungu ana mgombea wake, jirani asiyempigia mgombea huyo anageuka kuwa adui wa Mungu. Hatukuwa peke yetu. Mwaka huo huo wa 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikiri hadharani kwamba waliegemea pande, na hivyo wakashindwa kusimama taifa lilipowahitaji. Ilikuwa vizuri wakakiri, ingawa kukiri kulikuja baada ya makaburi.

Familia mbili za ushirika wetu zilipoteza kila kitu na hazijarudi mpaka leo. Asubuhi moja ya Machi mzee wa zamu alikuja kufungua kanisa akakuta godoro la maua ya kijani limeegemezwa mlangoni. Hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Tulijua ni la nani, na tulijua kwamba aliyelirudisha usiku yumo kati yetu. Lilikaa chumba cha vyombo miaka mingi likimngoja mwenyewe. Namwombea aliyelileta, popote alipo, kwa sababu nadhani usiku ule alitembea safari ndefu kuliko wengi wetu.

Mama Mapacha alirudi Agosti. Aliingia kanisani ibada imekwisha kuanza, na watu wakawa hawajui waangalie wapi. Mama akasogea, akapiga benchi kwa kiganja mara mbili. Basi. Hapakuwa na hotuba. Baada ya ibada wakaenda wote wawili kufungua kufuli, na chai ya kwanza ikapikwa kwenye sufuria iliyokuwa imefunikwa vile vile alivyoiacha.

Kwa hiyo Krismasi ikija mimi hulikumbuka lile lori. Nyimbo zetu nyingi za msimu huu huishia horini, kwa nyota, wachungaji na mamajusi. Mathayo sura ya pili inaendelea mbele. Mamajusi wamekwisha kuondoka, Yusufu anaamshwa usiku, anamchukua mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri kwa sababu mfalme anaogopa kupoteza kiti. Mwokozi wetu alikuwa mkimbizi wa siasa kabla hajajua kusema. Na lazima kule Misri palikuwa na mtu aliyewapa mahali pa kulala, mtu wa lugha nyingine na desturi nyingine, ambaye Maandiko hayakumtaja. Kila mwaka humfikiria huyo, nikajiuliza kama alijua amemfungulia nani.

Tumepita mengine tangu hapo. Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka usiku likazoa watu wa kaunti yetu wakiwa nyumbani, na Aprili 2024 maji yakafanya vivyo hivyo Mai Mahiu. Ndugu zetu wa Ahero na Budalang'i, mafuriko kwenu ni jambo la kila mara, na mmetufundisha namna ya kubeba godoro kichwani na bado kuja ibadani. Mwaka 2020, ule wa korona, ulikuwa wa namna yake. Makanisa yalifungwa Machi, na yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai ilikuwa watu 100 tu, kwa saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala watu waliozidi 58. Mama yangu alikuwa amevuka umri huo. Alikaa Jumapili nyumbani kwa mara ya kwanza maishani mwake, amevaa nguo zake za kanisa. Mama Mapacha, aliye mdogo wake, alikuwa akitoka ibadani moja kwa moja mpaka nje ya dirisha letu, anasimama na barakoa yake, anamsimulia mahubiri mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo zilizoimbwa, na matangazo. Wiki baada ya wiki. Tukiambiwa tusiache kukusanyika pamoja, mimi huona wale wanawake wawili na dirisha katikati yao.

Ninyi mnaokwenda magharibi mna mtihani wenu. Nyumba moja ya Vihiga inaweza kuwa na Marafiki (Quakers), Anglikana, Jeshi la Wokovu, Wapentekoste na Waisraeli wa kanisa la Nineve wenye kanzu nyeupe, wote watoto wa baba mmoja. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, Waanglikana wakaanza Maseno mwaka 1906, na kutoka kimoja hadi kingine ni safari ya asubuhi moja tu. Wamisionari walikuja wamekwisha kugawana, sisi tukaurithi ule mgawanyo kama shamba la babu na kuuwekea mipaka. Nimeona jeneza likisubiri kwenye jua wakati ndugu wakibishana dini ipi itaongoza mazishi. Tafadhali, mkiketi sikukuu hii, ombeni chakula pamoja, na aombe yule ambaye kanisa lake mnalidharau.

Halafu siasa. Mwaka 2027 si mbali, na wageni wa heshima wameanza kuonekana viti vya mbele. Nawakumbusha Septemba 2021 kule Butere, alipokuwa akisimikwa Askofu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya. Wanasiasa walikuwepo, na Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit hakuwapa nafasi ya kuhutubia. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha mamilioni yaliyotolewa kanisani na wanasiasa akiwemo Rais. Najua paa letu linavuja na jengo la shule ya Jumapili halijaisha. Naona afadhali livuje. Mgeni yeyote akija siku ya Krismasi na aketi, aimbe, atoe sadaka yake kwenye kikapu kama mjane, na kipaza sauti kibaki kwa mchungaji.

Vijana wetu walituambia hilo Juni 2024, walipoingia barabarani kupinga mswada wa fedha, na wengi walikuwa na uchungu na makanisa kuliko tulivyotaka kusikia. Baadhi yao hawajarudi kwenye benchi. Wazazi, msiwarudishe kwa kelele. Wakija Krismasi hata kwa ajili ya pilau, wakaribisheni na muwasikilize mpaka mwisho wa sentensi.

Ombi langu kwenu ni moja. Sikukuu hii, siasa haijachemka, nenda nyumbani kwa mshirika mwenzako asiye wa kabila lako. Kumpa mkono pale nje ya kanisa hakutoshi. Nenda ulijue lango lake, mbwa wake akuzoee, watoto wake wakuite mjomba au shangazi. Mama aliweza kuuinua ule ufunguo kwa sababu alikuwa ameingia nyumba ile mara nyingi, anajua sufuria zinakaa wapi na ni sahani ipi ya wageni. Vijana wale waliliona hilo usoni mwake. Mtu ambaye hujui anakaa wapi utamlindaje?

Nawasalimu wagonjwa mlioko wodini na mnaowauguza. Nawasalimu mliofiwa mwaka huu, ambao kiti kimoja mezani kitakuwa wazi. Nawasalimu wachungaji wetu, ambao hawali sikukuu mpaka sisi tushibe. Na zile familia mbili, kama salamu hizi zitawafikia, godoro lilichakaa, lakini mahali penu kwenye benchi pako, na tunaomba mtusamehe.

Ibada ya Krismasi itaanza saa tatu asubuhi. Mapacha ni watu wazima sasa, wana watoto wao, na wote wawili wamesema watapanda kutoka Kisumu siku ya mkesha. Kufuli la mlango wa buluu lilibadilishwa zamani, lakini ufunguo ungali kwenye mkebe wa vifungo na kipande chake cha leso. Mama alijaribu kuurudisha, Mama Mapacha akakataa. "Kaa nao, dada." Mama amekwisha kuniagiza ninunue unga pakiti mbili zaidi, kwa sababu chapati za mwaka jana ziliisha kabla ya saa nane na wageni walikuwa bado wanaingia.

Krismasi njema, wapendwa, na heri ya mwaka mpya. Bwana awalinde njiani.