Kabla ya kununua dawa ya samaki: jinsi ya kutambua vidoa vyeupe na vimelea vingine vya tangini

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu kuulizia dawa ya samaki wa mapambo huwa wameshaamua wanataka dawa gani, ilhali hawajajua samaki anaumwa nini. Kwa sababu hiyo swali letu la kwanza huhusu maji. Samaki anayekaa juu ya maji akihema kwa haraka huenda ana vimelea kwenye matamvua, lakini mara nyingi tatizo huwa ni amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, hasa katika tangi jipya au tangi ambalo sponji ya kichujio chake imeoshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, ambayo huua bakteria wanaosafisha maji. Samaki wote wakizidiwa kwa pamoja ndani ya saa chache, shuku maji. Wakianza mmoja mmoja, wakijisugua kwenye mawe na kubana mapezi, hapo ndipo pa kutafuta kimelea.

Ugonjwa tunaoulizwa kuliko mingine yote ni wa vidoa vyeupe, unaoletwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Vidoa vyake hulingana na punje za chumvi ya mezani, huinuka kidogo juu ya ngozi, na hutapakaa mwilini na kwenye mapezi bila mpangilio wowote. Visichanganywe na vipele vyeupe ambavyo samaki dume wa dhahabu huota kwenye vifuniko vya matamvua na ukingoni mwa mapezi ya kifua wakati wa kuzaliana. Vipele hivyo hujipanga vizuri, havisambai mwili mzima, na dume mwenyewe hula kama kawaida na kuwafukuzia majike kutwa nzima. Huyo si mgonjwa, ana shughuli zake.

Tiba ya vidoa vyeupe hushindikana mara nyingi kwa sababu mtu huacha dawa mapema. Kidoa kinachoonekana ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, mahali ambapo dawa ya majini haikifikii. Kikishiba hutoka, huanguka kwenye kokoto au majani, hujifunika kwa utando, kisha hujigawa ndani yake na kutoa mamia ya vimelea vichanga, ambavyo huogelea kutafuta samaki na hufa visipompata ndani ya siku mbili hivi. Ni katika kipindi hicho cha kuogelea tu ndipo dawa huviua. Kwa hiyo ngozi ikitakata siku ya tatu, haina maana kwamba samaki amepona. Inawezekana kabisa vimelea vyote viko chini kwenye kokoto vikizaliana. Katika maji ya nyuzi joto 25 mzunguko huu huchukua wiki moja au pungufu, lakini katika tangi lisilo na hita huko Mbeya au Njombe wakati wa kipupwe unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa, na tiba nayo lazima irefushwe.

Kwa samaki wa maji ya joto, tunashauri joto lipandishwe taratibu, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa, hadi kufikia 30, huku pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, kwa kuwa maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa malakaiti ya kijani na formalini. Kabla ya kuitia, ondoa mkaa kwenye kichujio, la sivyo mkaa huo utainyonya dawa yote, na ukokotoe ujazo halisi wa maji: tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 hubeba lita 63 likijaa hadi ukingoni, lakini ukitoa kokoto, mawe na nafasi ya juu, maji yenyewe huwa kama lita 50, na dozi ipimwe kwa hizo 50. Samaki wasio na magamba, kama jamii ya kambare, huanza kwa nusu dozi. Dawa zenye shaba hazifai kabisa kwenye tangi lenye konokono au kamba wadogo. Endelea na tiba kwa angalau wiki moja baada ya kidoa cha mwisho kutoweka, ukifuata maelekezo ya kifungashio kuhusu kubadilisha maji kati ya dozi. Malakaiti ya kijani isitumike kamwe kwa samaki wa kuliwa, wakiwemo sato wa bwawani.

Vimelea vingine vina alama zake. Vumbi la rangi ya dhahabu, linaloonekana vizuri ukimmulika samaki kwa tochi kutoka ubavuni chumba kikiwa na giza, ni ugonjwa wa mahameli. Nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja la gapi, samaki mdogo wa mapambo, ni minyoo ya Camallanus, ambayo hutibiwa kwa levamisoli; lakini dawa nyingi za minyoo ya mifugo huchanganya levamisoli na dawa nyingine, hivyo tuonyeshe chupa kabla ya kuitumia. Minyoo bapa ya matamvua huhitaji prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa wanafunzi kwa ajili ya kichocho, na hurudiwa kwa sababu mayai yake hayafi kwa dozi ya kwanza.

Ukija dukani, leta maji ya tangi kwenye chupa safi, vipimo vya tangi na video fupi ya samaki akiogelea. Samaki mwenyewe mwache nyumbani, kwani safari ya kwenye mfuko humdhoofisha zaidi. Maji tunayapima bila malipo, na pale tatizo linapokuwa ni amonia, hatutakuuzia dawa.