Barua kwa mwanangu: uliza bei kwanza

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mtu anashindaje kwenye poka isiyo na kikomo cha dau. Nakujibu kwa urefu, maana ukiujua nusunusu mchezo huu utakukomba. Sheria unazijua: karata mbili mkononi, tano mezani, duru nne za kuweka dau. Linalokuponza ni kwamba kila mgao unajiuliza kama una karata nzuri. Anza na bei: natakiwa nilipe ngapi, na nafasi yangu ya kushinda inatosha kwa bei hiyo?

Tuseme una ree na tano, zote za kopa, na karata tatu za kwanza mezani zina kopa mbili. Kopa moja zaidi itakupa karata tano za aina moja. Zimebaki kopa 9 kati ya karata 47 usizoziona. Fungu, yaani chipu zilizokwisha wekwa katikati, lina 100, mpinzani anaweka 50. Ukilipa, unagombea 200 kwa 50 yako, kwa hiyo unahitaji kushinda angalau mara 25 katika kila 100. Karata ya nne italeta kopa kwa asilimia 19 tu, haitoshi. Sasa badilisha kitu kimoja: hizo 50 ndizo chipu zake za mwisho. Hakuna dau jingine linalokuja, karata mbili zilizobaki utaziona kwa bei ileile, na nafasi yako inafika asilimia 35. Hapo lipa bila kusita.

Na akiwa bado na chipu nyingi? Piga hesabu ya mbele. Utakosa mara 38 kwa kila mara 9 utakazopata, hivyo ukipata unapaswa kuvuna 211 ili 50 yako isipotee bure. Fungu linakupa 150. Zilizobaki ni 61: utaweza kumtoa hizo baada ya kopa ya tatu kutua mezani? Mtu anayelipa kila dau atazitoa. Anayenywea akiona kopa tatu hatazitoa, basi tupa karata. Ukiwa mezani huna muda wa hesabu ndefu, kwa hiyo zidisha karata zitakazokuokoa kwa 2 ukisubiri karata moja, kwa 4 ukiwa na hakika ya kuona mbili. Wengi hukosea hapa: wanazidisha kwa 4 huku dau jingine linawasubiri njiani.

Kiti unachokaa kina thamani kuliko unavyodhani. Anayesema wa mwisho, yaani kulipa, kupandisha au kutupa karata, ameshaona wenzake wamefanya nini, wewe wa mwanzo unatembea gizani. Kwenye meza ya watu sita, ukiwa wa kwanza kusema ingia na takriban asilimia 15 ya karata utakazogawiwa. Ukiwa kwenye kiti cha mgawaji, anayesema wa mwisho karata za mezani zikishafunguliwa, unaweza kufika asilimia 40 na zaidi. Ree na tisa za aina tofauti utazipandisha kwenye kiti cha mgawaji na kuzitupa mwanzoni, wala usizionee huruma. Ukiingia, ingia kwa kupandisha: mara 2.5 hadi 3 ya dau kubwa la lazima (watu wawili huweka dau dogo na dau kubwa kabla ya karata kugawiwa), na uongeze dau kubwa moja kwa kila aliyekwisha kulipa mbele yako. Ukijibu aliyepandisha kwa kupandisha tena, weka mara 3 ya dau lake kama utasema baada yake, mara 4 kama utasema kabla yake.

Sasa sikiliza sana hapa, maana ndipo poka hii inapoachana na ile yenye kikomo. Dau hukua kwa kufuata fungu, na fungu hukua kwa kasi. Tuseme una chipu zinazotosha madau makubwa 100. Unapandisha hadi 3, aliyeweka dau kubwa analipa, wa dau dogo anatupa na kuacha 0.5 yake, fungu ni 6.5. Kila duru ukiweka dau sawa na fungu, utaweka 6.5, kisha 19.5, kisha 58.5. Jumla umeshatoa 87.5, karibu kila ulicho nacho. Kwa hiyo kosa dogo la mwanzoni, mfano kulipa na mfalme na sita kwa sababu zinapendeza, halikugharimu 3. Linakuja kukudai mwishoni, pale umepata jozi ya mfalme na mwenzako ana mfalme na ree. Kabla hujaweka dau la kwanza, jiulize karata hizi zinastahili fungu la ukubwa gani. Jozi moja kwa kawaida haistahili madau makubwa 100.

Jozi ndogo ni kinyume chake. Nafasi ya kupata tatu sawa kwenye karata tatu za mezani ni karibu asilimia 12. Ilipe tu kama chipu zilizobaki kwako na kwake ni angalau mara 15 ya unachotoa, la sivyo ukipata hakuna cha kuvuna.

Kuzuga, yaani kuweka dau huna karata nzuri ili mwenzako atupe zake, nako ni hesabu. Dau la nusu ya fungu lazima lifanikiwe mara 1 katika 3, dau sawa na fungu mara 1 katika 2. Zuga ukiwa na karata zinazoweza bado kuboreka, au ukiwa na karata mkononi inayomnyima mwenzako karata bora: kopa tatu zikiwa mezani na ree ya kopa iko kwako, yeye hawezi kuwa na kopa za juu kabisa. Mtu asiyetupa karata usimzuge hata mara moja. Mwaka 2017 programu ya kompyuta ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika migao 120,000, na mara nyingi iliweka madau makubwa kuliko fungu. Wewe usianzie huko, maana madau ya programu hiyo yalikuwa yamepimwa kwa kila karata.

Ukiwekewa dau kubwa mwishoni, hesabu namna, yaani ni jozi ngapi tofauti za karata mpinzani anaweza kuwa nazo mkononi. Mezani kuna mfalme, nane, nne, mbili, jeki, nawe una ree na mfalme. Mpinzani anaweka dau sawa na fungu. Jozi ya nane anaweza kuwa nayo kwa namna 3, jozi ya nne kwa namna 3, mfalme na jeki kwa namna 6. Hizo 12 zinakushinda. Unahitaji kushinda mara 1 katika 3, kwa hiyo lazima uweze kutaja angalau namna 6 za kuzuga ambazo mtu huyu angefika nazo hapa. Ukishindwa kuzitaja, tupa.

Pesa ya mchezo iwe mbali na ya kodi na ya chakula, isipungue mara 30 ya chipu unazonunua kila unapokaa mezani. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushindwa karibu mara 18 katika 100, na mara hizo zinaweza kufuatana siku moja. Angalia pia makato ya wenye meza, kwani kwenye madau madogo ndiyo humla mchezaji mzuri kimyakimya.

Wiki hii niandikie migao mitano iliyokutatiza. Kila mmoja uwe na kiti chako, ukubwa wa fungu kila duru, chipu zilizobaki na dau lililowekwa. Matokeo usiyaandike.

Mama yako